Mfumo Haukubali

Mwezi wa saba nilikwenda nyumbani Tumati nikakaa siku tisa. Kwa msomaji asiyelijua eneo hilo, Tumati ni kata katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwenye nyanda za juu ambako asubuhi ya kipupwe mtu hatoki nje bila kujifunika blanketi. Safari hii sikwenda kupumzika. Mama alikuwa amenipigia simu akisema kuna ofisi imemrudisha nyumbani mara mbili, nami nikataka kumsindikiza mara ya tatu.

Karani tuliyemkuta alikuwa binti mdogo mwenye adabu. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, akafungua kompyuta yake. Mfumo wa ofisi ile hutaka kwanza uchague mkoa wa kuzaliwa, kisha hufungua orodha ya wilaya za mkoa huo. Cheti cha mama, alichokipata katika miaka ya 1990, kinasema alizaliwa Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Arusha. Karani alipochagua Arusha, Mbulu haikuonekana. Alipochagua Manyara, Mbulu ilionekana, lakini maelezo hayakulingana na cheti, na yeye alikuwa ameagizwa asipitishe fomu yoyote isiyolingana na cheti.

"Mfumo haukubali, bibi," alisema. Kisha, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Kwani bibi ulizaliwa Arusha au Manyara?"

"Nilizaliwa Tumati, mwanangu," mama alijibu. "Tumati haijahama."

Ukweli ni kwamba mama hakuzaliwa katika mkoa wowote kati ya hiyo miwili. Alizaliwa kabla ya uhuru, wakati Mbulu ilipokuwa wilaya katika Jimbo la Kaskazini. Arusha ilikuja baadaye, na Manyara ikaja baadaye zaidi. Katika umri wake wote ameishi chini ya majina matatu ya utawala bila kuhamisha hata jiko lake.

Ndugu msomaji, ungetarajia kwamba mimi, mhadhiri ninayeandika humu kila mara kuhusu haki za wananchi, ningemgeukia karani yule na kudai haki ya mama yangu. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza, nikatazama sakafu. Nilifahamu kwa undani kilichokuwa kinatokea ndani ya kompyuta ile, kwa sababu kosa la aina hiyo niliwahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Makala hii ni ya kulieleza kosa hilo, na kueleza kwa nini naamini linawahusu hata wale ambao hawataandika mstari mmoja wa programu maishani mwao.

Naomba univumilie kwa somo fupi la darasani. Programu ya kompyuta hushughulika na taarifa, na kila taarifa sharti iwe ya aina fulani: namba, maandishi, tarehe. Ipo aina moja ambayo mwandishi wa programu huiumba kwa kuwataja wanachama wake wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akafunga mlango. Darasani naiita aina orodheshi. Mwandishi anasema: siku ya wiki ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, basi. Tangu hapo programu haitambui siku ya nane. Si kwamba itaikataa ikiletwa. Haina hata namna ya kuitaja.

Jambo hili si baya. Kabla aina orodheshi hazijaenea, waandishi wa programu walitumia namba tupu. Moja ni mwanafunzi, mbili ni mwalimu, tatu ni mzazi. Ubaya wa namba tupu ni kwamba hazijui zinawakilisha nini. Unaweza kupeleka namba ya mwezi mahali panaposubiri namba ya siku, na kompyuta isione tatizo lolote. Unaweza kujumlisha mwalimu na mzazi ukapata tano, wala hakuna atakayekuuliza tano huyo ni nani. Lugha ya Java, ambayo wanafunzi wetu wengi huanza nayo, ilikaa miaka mingi bila aina orodheshi. Mwaka 2001 Joshua Bloch alitoa kitabu kilichoonyesha namna ya kuziunda kwa kutumia klasi za kawaida, na mwaka 2004, katika toleo la tano, zikaingizwa rasmi katika lugha hiyo.

Katika Java kila mwanachama wa orodha ni kitu kamili, si namba iliyovikwa jina. Anaweza kubeba taarifa zake mwenyewe na kuwa na tabia zake mwenyewe. Ukimuuliza swali, anajibu yeye, bila wewe kupanga mlolongo mrefu wa "kama ni huyu fanya hivi, kama ni yule fanya vile". Hayo ni matunda mazuri ya uandishi wa programu unaojengwa juu ya vitu. Lakini kuna sharti moja: hakuna mtu mwingine yeyote anayeweza kuzaa mwanachama mpya. Klasi ya kawaida inamruhusu anayeitumia kuunda vitu vipya kadiri anavyohitaji. Aina orodheshi hairuhusu. Waliopo ni wale tu waliotajwa siku orodha ilipoandikwa, na mwenye mamlaka ya kuongeza ni yule tu mwenye mamlaka ya kuiandika upya programu.

Somo la pili ni fupi zaidi, nami hulifundisha kwa kutumia siku ya Jumatatu. Katika maktaba ya zamani ya kalenda ya Java, wiki huanza Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ina namba 2. Katika maktaba mpya iliyokuja na toleo la nane mwaka 2014, wiki huanza Jumatatu, kwa kufuata kiwango cha kimataifa, kwa hiyo namba yake ni 1. Lakini nafasi yake katika orodha, ukiiuliza Java, ni 0, kwa sababu Java huanza kuhesabu na sifuri. Na sisi tunaosema Kiswahili tunajua kwamba Jumatatu ni siku ya tatu, na jina lenyewe linasema hivyo, kwa sababu tunahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa. Siku moja, namba nne, na kila namba ni sahihi kwa aliyeipanga. Ndiyo maana huwaonya wanafunzi: hifadhini jina, msihifadhi nafasi. Nafasi hutegemea nani alianza kuhesabu, na alianzia wapi.

Onyo hilo nililinunua kwa bei kubwa.

Mwaka 2002 nilikuwa kijana Dar es Salaam, nikiwa nimemaliza chuo si muda mrefu. Shirika moja lililokuwa likiwalipia ada wanafunzi wa sekondari kutoka familia maskini lilinipa kazi ya kutunza programu yake ya usajili. Programu hiyo niliiandika mwenyewe kwa lugha ya C++. Shirika lilihudumia Tanzania Bara, ambayo wakati ule ilikuwa na mikoa 20, nami nikaiorodhesha mikoa hiyo kwa mpangilio wa alfabeti: Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Iringa, Kagera, Kigoma, Kilimanjaro, Lindi, Mara, Mbeya, na kuendelea hadi Tanga. Katika C++ wanachama wa orodha hupewa namba kuanzia sifuri mtu asipoagiza vingine. Arusha ilikuwa 0, Lindi 7, Mara 8, Mbeya 9, Tanga 19. Diski zilikuwa ndogo, kwa hiyo katika faili la wanafunzi sikuandika jina la mkoa. Niliandika namba.

Mwaka huohuo ukazaliwa Mkoa wa Manyara. Wilaya tano zilitoka Arusha: Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro na Kiteto, na makao makuu yakawa Babati. Mtu wa nje hawezi kuielewa furaha niliyokuwa nayo. Kwa miaka mingi sisi watu wa Mbulu tulikuwa pembeni mwa mkoa ambao watu wakiutaja walimaanisha mjini Arusha, Ngorongoro na watalii. Sasa tulikuwa na mkoa wetu. Jioni moja nilifungua programu yangu, nikatafuta mahali panapostahili kwa mujibu wa alfabeti, na kati ya Lindi na Mara nikaandika MANYARA. Nilitumia chini ya dakika moja. Programu ilipita bila onyo hata moja, nikaenda kulala.

Msomaji mwenye jicho kali ameshaona nilichofanya. Manyara ilipoingia katika nafasi ya 8, Mara ilisogea hadi 9, Mbeya hadi 10, na mikoa yote 12 iliyokuwa baada ya Lindi ikasukumwa hatua moja. Lakini namba zilizokuwa tayari katika faili hazikusogea. Mtoto aliyesajiliwa kwa namba 8, yaani Mara, sasa alisomeka kuwa wa Manyara. Wa Mbeya alisomeka kuwa wa Mara, wa Morogoro kuwa wa Mbeya, na hivyo hivyo hadi mwisho. Tanga iliyokuwa 19 sasa ilikuwa 20, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kupewa namba 20, Mkoa wa Tanga ukabaki mtupu.

Nakumbuka nilivyoitazama orodha mpya ya Manyara kwenye karatasi. Ilikuwa imejaa majina. Sikujiuliza mkoa uliozaliwa juzi umewapata wapi wanafunzi wote hao, wala sikushangaa kuwaona akina Chacha na Marwa na Otieno wakiwa watoto wa Babati. Niliona neno Manyara juu ya ukurasa, nikaridhika.

Shirika lilikuwa likilipa ada kwa kutuma hundi na orodha ya majina kwa mratibu wa kila mkoa. Hundi za Mara zikaenda Babati, za Mbeya zikaenda Musoma, za Tanga zikaenda Tabora. Mratibu wa Tanga ndiye aliyepiga simu kwanza, akiuliza kama shirika limeuacha mkoa wake. Ndipo tulipogundua. Kurekebisha programu kulichukua asubuhi moja: nilimrudisha kila mmoja kwenye namba yake, na Manyara nikaipa namba 20, mwishoni, bila kujali alfabeti. Kuzirudisha hundi kulichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo shule zilikuwa zimeanza kuwarudisha nyumbani wasiolipiwa.

Wengi walirejea darasani. Binti mmoja wa kidato cha tatu kutoka Mbeya hakurejea. Mratibu wake aliniambia kwamba ada ilipofika tayari alikuwa amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na familia haikutaka kumtoa huko. Sikuwahi kumwona. Namba yake ya usajili ninaikumbuka mpaka leo.

Nimeliwazia jambo hili kwa miaka mingi, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna mtoto wa Tumati aliyepoteza hata senti moja. Wote walikuwa wamesajiliwa chini ya Arusha, na Arusha ni sifuri. Chochote kitakachoingizwa baada yake hakiigusi. Gharama ya furaha yangu ililipwa na watu wa mbali nisiowajua, ambao kosa lao lilikuwa kuandikwa baada ya L. Na shirika lilipoulizwa, jibu lililotolewa kwa waratibu lilikuwa fupi: kulikuwa na tatizo la mfumo. Hakuna aliyesema kulikuwa na tatizo la mtu, wala mimi sikujitokeza kusema.

Hapa ndipo naomba tutoke darasani. Katika ofisi zetu, sentensi "mfumo haukubali" imekuwa na nguvu kuliko sheria. Sheria inaweza kupingwa. Ina kifungu, ina mahakama, ina mbunge aliyeipigia kura. Lakini mwananchi akiambiwa mfumo haukubali, hupinda mgongo na kuondoka, kama aliyeambiwa mvua inanyesha. Nami nasema mfumo hauna uwezo wa kukubali wala kukataa. Kuna mtu aliyeketi mahali fulani, tarehe fulani, akaandika orodha, akaamua nani yumo na nani hayumo. Mara nyingi hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi alikuwa na furaha, kama mimi jioni ile, au alikuwa na haraka. Lakini alifanya uamuzi, na uamuzi huo ukavaa sura ya maumbile.

Sisi watu wa Mbulu tungepaswa kuyafahamu haya kuliko wengine, kwa sababu tumeorodheshwa mara nyingi. Wairaqw waliandikwa Wambulu, kwa jina la boma. Jirani zetu Wadatoga waliandikwa Mang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai nalo likiwa na maana ya adui. Yaani kabila zima liliingia katika karatasi za serikali kwa jina lililotolewa na mahasimu wake. Wahadza wa Bonde la Yaeda waliitwa Watindiga. Aliyeandika orodha hakuwauliza wenyewe wanajiitaje. Aliandika alichosikia njiani, na orodha ikawa ukweli.

Kisha taifa letu likafanya jambo ambalo waandishi wa programu huwa hatulifikirii. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliuliza kabila. Zilizofuata hazikuuliza, na hata ile ya Agosti 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi na kuhesabu watu 61,741,120, haikuuliza. Hatukuirekebisha orodha; tuliliondoa swali. Nauheshimu uamuzi huo, maana tumeona kwa majirani orodha za makabila zilivyoweza kuua. Lakini sitaficha kwamba una gharama yake. Jamii ndogo kama ya Wahadza ikitaka kuthibitisha kwa takwimu kwamba watoto wake wanabaki nyuma kielimu, haitaipata namba hiyo katika sensa. Ambaye haulizwi haumizwi na orodha, lakini haonekani pia. Kufuta orodha ni uamuzi sawa na kuiandika, na wenye kuulipia ni watu fulani mahususi.

Na mikoa nayo haikusimama. Katiba yetu, ibara ya 2, inampa Rais mamlaka ya kuigawa Jamhuri katika mikoa, wilaya na maeneo mengine. Mwaka 2012 walizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ikaja Songwe, na kwa Zanzibar na Bara pamoja tukawa na mikoa 31. Wilaya nazo hugawanyika. Babati ilikatwa kutoka Hanang mwaka 1985, na Hanang yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu. Kitu kinachobadilika kwa tangazo la Gazeti la Serikali hakipaswi kufungwa ndani ya aina orodheshi. Siku za wiki zifungwe, kwa sababu hakuna Rais atakayetangaza ya nane. Mkoa ni kitu chenye historia: una tarehe ya kuzaliwa, una mkoa uliomzaa, una wilaya zilizoingia na zilizotoka. Basi na uandikwe hivyo, katika jedwali linaloweza kuongezwa na mtumishi mwenye mamlaka, pamoja na tarehe, ili programu ikiulizwa "Mbulu ilikuwa mkoa gani mwaka 1995?" ijibu Arusha, na ikiulizwa kuhusu leo ijibu Manyara, na majibu yote mawili yawe ya kweli. Mfumo uliomrudisha mama yangu ulijua nchi ilivyo leo tu. Haukujua kwamba nchi ilikuwako jana.

Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyefariki Januari 2024, ndiye aliyezipa aina orodheshi umaarufu kupitia lugha yake ya Pascal ya mwaka 1970. Miaka karibu ishirini baadaye alibuni lugha nyingine, Oberon, na humo akaziondoa. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba lugha mpya ilijengwa ili aina za taarifa ziweze kupanuliwa na wengine baadaye, na aina orodheshi haipanuki. Sisemi alikuwa sahihi kabisa. Lugha nyingi za leo zimeendelea kuwa nazo, nami nazitumia kila wiki. Ninachokipenda ni mfano wake. Mtu aliyesifiwa kwa kitu alikubali kukitazama upya na kusema hapa hakifai. Ni wakuu wangapi wa taasisi zetu wanaoweza kuiondoa fomu waliyoibuni wenyewe?

Wala nisieleweke kwamba napinga orodha. Mwanaharakati anayedai kila kitu kiachwe wazi hajawahi kupanga foleni ya dawa. Bila orodha, mwenye nguvu huandika anachotaka. Sheria nzuri huorodhesha sababu zinazoruhusu mtu kukamatwa, ili ofisa asibuni ya kwake. Hapo mlango uliofungwa ndio kinga ya mnyonge. Zaidi ya hayo, aina orodheshi ina fadhila moja ninayoitamani katika sera zetu. Tangu toleo la 14 la Java, mwaka 2020, upo muundo wa kuchagua jibu kwa kila mwanachama wa orodha ambao hukataa kupita ukimsahau hata mmoja. Ukiongeza mwanachama mpya, programu inasimama na kukuonyesha kila mahali ambapo hujamtengenezea jibu. Nawaza ingekuwaje kama kabla ya kutangaza wilaya mpya kungekuwa na kompaila ya serikali inayosema: wilaya hii haina hospitali, haina mahakama, na vyeti vya wazee wake bado vina jina la zamani, rekebisha kwanza, ndipo upite. Inayotudanganya ni ile njia ya mkato ya kuandika "vinginevyo" mwishoni, na kuwasukumia humo wote tuliowasahau. Programu itapita. Watu hawatapita.

Kwa wanafunzi wangu, basi, nasema: kabla ya kufunga orodha, jiulizeni nani ana mamlaka ya kuibadilisha. Kama ni nyinyi, ifungeni. Kama ni Bunge, Rais, au maisha yenyewe, msiifunge. Kwa watumishi wa umma nasema: mnapolazimika kumwambia mwananchi kwamba mfumo haukubali, ongezeni sentensi ya pili inayotaja ofisi yenye uwezo wa kuurekebisha. Kama hamuijui, hiyo ndiyo taarifa ya kuwapelekea wakubwa wenu. Na kwa wanaharakati: mnasoma miswada kwa bidii, na mnafanya vyema, lakini orodha zinazomwamulia mwananchi siku hizi nyingi hazipiti bungeni. Zimo katika mikataba ya kutengeneza mifumo. Zidaini hizo pia.

Nirudi kwa mama. Karani alitushauri tukaape. Tulikwenda mahakamani, tukasubiri tangu saa tatu hadi saa nane, na mwanamke mwenye zaidi ya miaka sabini akaapa mbele ya hakimu kwamba Mbulu ya Arusha iliyo kwenye cheti na Mbulu ya Manyara iliyo kwenye kompyuta ni Mbulu moja. Alitia dole gumba. Siku iliyofuata karani alichagua Manyara, akaambatanisha kiapo, na fomu ikapita.

Tukiwa kwenye gari la kurudi Tumati mama aliniuliza, "Huyo Mfumo ni nani? Siku zote tatu hatukumwona."

Nilimwambia kwamba ni mtu kama mimi. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamsimulia habari za mwaka 2002, nilivyoandika MANYARA kati ya Lindi na Mara, na yaliyofuata. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza chochote kuhusu kompyuta.

"Na yule binti wa Mbeya," alisema, "hukwenda kumtafuta?"

"Sikwenda, mama."

Alijifunga vizuri shuka lake akageukia dirishani, na hatukuzungumza tena mpaka tulipofika nyumbani.